Presha Tuliyoipiga Pasi

Mgeni rasmi, Mkuu wa Huduma za Afya. Daktari wa zahanati yetu. Sista wetu wa Alhamisi. Majirani mlioacha kazi zenu asubuhi hii. Na ninyi ndugu zetu wa nyumbani, mnaojua kuliko daktari yeyote nani anameza dawa na nani anajifanya anameza: tunawasalimu nyote kwa heshima.

Sisi ni Kikundi cha Mapigo Matulivu. Tuko arobaini na watatu, wanawake ishirini na sita na wanaume kumi na saba. Wote tunatibiwa presha ya kupanda, na tisa kati yetu tuna ugonjwa wa pili, wa moyo kupiga bila mpangilio. Mara unakimbia, mara unaruka pigo, mara unasita kidogo kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Risala hii tumeiandika pamoja, na tumemchagua mpishi wa shule ya msingi aisome, kwa sababu amezoea kuwapigia kelele watoto mia tano na sauti yake haihitaji kipaza sauti.

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, karibu tena. Tunasema tena kwa sababu mwaka jana, mwezi kama huu, ulisimama hapo hapo ulipo ukatukabidhi cheti. Kiti ulichokalia ni kilekile cha mwaka jana, ila mguu wake wa nyuma tumeutengeneza, kwa hiyo leo unaweza kuegemea.

Msaidizi wako alituomba risala isizidi dakika kumi na tano. Tulijitahidi. Risala ya kwanza tuliyoandika ilikuwa ya dakika sita tu, imejaa shukrani mwanzo mpaka mwisho, na haikuwa na jambo hata moja la kweli kuhusu sisi. Tuliichana. Hii unayosomewa ni ya pili, na tunaomba radhi kama itazidi kidogo.

Tunajua pia kwamba, pamoja na kututembelea, umekuja kutuaga. Barua ya ofisi yako imebandikwa kwenye mlango huu wiki tatu sasa. Inasema kliniki ya Alhamisi itafungwa mwisho wa mwezi, na sisi tutahamishiwa hospitali kuu, kwa kuwa takwimu za mwaka zinaonyesha wagonjwa wa hapa presha zao zimetulia na hawahitaji tena uangalizi wa pekee. Tumeisoma barua hiyo mpaka tukaijua kwa moyo. Risala yetu yote ni jibu lake.

TULIKOTOKA

Kliniki hii ilianza miaka sita iliyopita katika stoo. Sista alihamisha maboksi ya glovu na vitanda viwili vibovu, akaweka benchi, meza na mashine moja ya kupimia presha, ile ya kubinya mpira. Siku ya kwanza walikuja watu sita, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango. Sista aliwapima hao pia, na wote wawili wakakutwa na presha. Leo ni wajumbe wa kamati yetu.

Kabla ya hapo, Mheshimiwa, kwetu presha haikuwa ugonjwa, ilikuwa tabia. Mtu akipandisha sauti, wanasema ana presha. Mwenye presha akiingia nyumbani, watoto wananyamaza na habari mbaya zinafichwa mpaka ashibe. Makanika wetu amekiri mbele ya kikao kwamba aliitumia presha miaka minne mizima kukwepa vikao vya ukoo. Dawa alikuwa hanywi, ila cheti cha daktari alikuwa anatembea nacho mfukoni.

Sista alitufundisha polepole, na wengine wetu ni wagumu kufundishika. Alituambia kuna vidonge vya kulegeza mishipa, kuna vidonge vya kutoa maji, ambavyo ukimeza kabla ya safari utavijua vyoo vyote vya njiani, na kuna vidonge vya kuushika moyo usikimbie. Hivi vya tatu vinafanya kazi mbili: vinashusha presha na vinapanga mapigo. Kwenye boksi vimeandikwa bisoprololi. Makanika alijaribu kulitamka jina hilo mara tatu, likamshinda, akasema, "Sista, hii si ndiyo breki?" Tangu siku hiyo vinaitwa Breki, na Sista mwenyewe analitumia jina hilo.

Kuhusu Breki alitupa maonyo mawili, akayarudia kila mwezi. La kwanza, usiiache ghafla, maana moyo uliozoea kushikwa ukiachiwa kwa mara moja unaweza kukimbia vibaya kuliko mwanzo. La pili, usizidishe, maana ukiubana moyo kupita kiasi unaweza kukaribia kusimama. Tuliitikia ndiyo kwa maonyo yote mawili. Tulikuwa hodari sana wa kuitikia.

Tuna desturi moja tunayojivunia, na ilianza kwa sababu ya foleni. Tukiwa kwenye benchi tunasubiri kupimwa, kila mtu anashika kiganja cha jirani yake wa kushoto, anatafuta mshipa, na wote kwa pamoja tunahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Wapita njia wakidhani ni maombi wanavua kofia. Kwa mikono yetu wenyewe tumewagundua wenzetu watatu wenye mapigo yasiyo na mpangilio kabla mashine yoyote haijawaona, akiwemo kinyozi wetu, ambaye moyo ulikuwa unamruka miezi miwili naye alidhani ni mapenzi.

NYOTA UBAONI

Sasa tunafika mahali ambapo wajumbe wawili walitaka turuke, na kikao kikakataa.

Miaka miwili iliyopita Sista alileta ubao. Kila aliyekutwa na kipimo kizuri Alhamisi ya kwanza ya mwezi, siku tunayopimwa na kuchukua dawa, alibandikiwa nyota ya karatasi ya kijani mbele ya jina lake. Nia ya Sista ilikuwa njema na tunaitetea mpaka leo. Hakujua tu ametupa sumu gani. Watu wazima wenye wajukuu tuliugua nyota. Mama mmoja, ambaye tumekubaliana asitajwe hata kwa kazi yake, alibaki nyuma kliniki ilipofungwa akajibandikia mwenyewe.

Hakuna aliyezipenda nyota hizo kuliko Fundi. Wengi hapa mnamfahamu. Ni fundi cherehani, kibanda chake kiko nyuma ya zahanati hii, mlango wa bluu, na nusu ya mliokaa hapa mmevaa mshono wake. Ni mtu wa vipimo. Kola ikiwa imepinda kwa upana wa uzi hawezi kunyamaza. Aliwahi kumsimamisha bwana harusi mlangoni ili amrekebishe bega. Ana presha, na ni mmoja wa wale tisa wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Dawa yake ni Breki, ya nguvu ya miligramu tano, kila siku.

Lakini Breki ilimsumbua Fundi. Ilimpa mikono ya baridi, na sindano haitaki mikono ya baridi. Ilimfanya awe na miguu mizito kwenye pedeli. Yapo na mambo mengine, ambayo wanaume wa kikundi walikataa yaandikwe, wakakubali itajwe tu kwamba yapo. Juu ya hayo, dirisha la dawa lilikuwa linatupa vidonge vya wiki mbili kwa mwezi mzima, maana ndivyo vilivyokuwa vinaletwa. Kwa hiyo Fundi akawa anameza kimoja, anaruka siku mbili. Hakumwambia Sista, kwa sababu kumwambia kungemkosesha nyota. Siku moja kabla ya kupimwa, Jumatano, anameza viwili, anakwepa chumvi, anakunywa maji, analala mapema. Alhamisi mashine inasoma mia ishirini kwa themanini, kama kitabuni.

Yeye ndiye aliyelipa jambo hilo jina, hapo kwenye benchi, akiwa mwenye furaha.

"Nguo unaweza kuivaa wiki nzima ina makunyanzi," alisema, "lakini huendi nayo harusini hivyo. Unaipiga pasi kwanza. Na presha ni hivyohivyo."

Tulicheka. Kisha tukaenda nyumbani, na theluthi mbili yetu tukaanza kupiga pasi. Kila Jumatano ya kabla ya kipimo vidonge vilizunguka mtaani kama chumvi: niazime kimoja, nitakurudishia kesho kutwa. Wengine walikuwa hawajui hata kama wanachokopeshana ni dawa ileile. Kikiwa cheupe na kidogo, kilitosha.

Mwisho wa mwaka daftari la kliniki lilionyesha watu thelathini na wanane kati ya arobaini na watatu presha zimetulia. Mheshimiwa, ulikuja, ukaliona daftari, ukafurahi. Fundi alikuwa na nyota kumi na mbili kwa miezi kumi na miwili, ukampa cheti cha Mgonjwa wa Mfano. Ulimshika mkono ukasema ungetamani wagonjwa wote wa hapa wawe kama yeye. Tulipiga makofi na kutazama chini, kwa sababu wengi wetu tulikuwa kama yeye tayari.

JUMATANO YA FUNDI

Miezi mitano baada ya cheti ulikuwa msimu wa sare za shule. Fundi alihitaji miguu myepesi, akaiacha Breki siku tisa mfululizo. Ametueleza mwenyewe kwamba siku ya sita alisikia moyo ukimpigapiga kifuani kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, akajiambia ni uchovu. Hata hivyo Jumatano ilipofika akakumbuka Alhamisi. Akatafuta vidonge vyake, vimekwisha. Akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye naye ni mwanachama na naye anatumia Breki.

"Shemeji, nisitiri vidonge vitatu," alisema. "Kesho napimwa."

"Vyako viko wapi?"

"Vimekwisha. Na kesho ni nyota yangu ya kumi na saba."

"Nyota ya nini, na wewe una wajukuu?"

"Wewe nipe tu. Nikichukua vyangu nitakurudishia."

Shemeji alimpa vitatu kwenye kipande cha gazeti, akarudi kwenye masufuria yake. Hakufikiria zaidi ya hapo. Vya Fundi ni vya nguvu ya tano. Vya shemeji ni vya kumi. Vyote ni vyeupe na vidogo. Shemeji huyo ni mpishi wa shule, Mheshimiwa, na ndiye anayekusomea risala hii.

Fundi alimeza viwili saa sita. Saa nane hakusikia tofauti, akameza cha tatu. Saa kumi mkewe, aliyekuwa anatia vifungo upande wa pili wa kibanda, alisikia pedeli imenyamaza. Akatazama, akamwona mumewe ameinamisha kichwa kwenye kitambaa, jasho linamtoka, na mkono wake umebaki umeshika ukingo wa sketi ya mtoto wa darasa la pili. Akamwita mara mbili. Hakuitika.

Kinyozi na makanika walimbeba juu ya ubao wa kukatia nguo, wakazunguka jengo wakaingia naye hapa. Sista, ambaye siku nyingine huwa zamu ya kawaida ya zahanati, alimpima, akapima tena. Mapigo thelathini na sita kwa dakika. Sisi wa benchi tunaojua kuhesabu, tuliosikia habari tukakimbilia hapa, tulishika mkono wake wa pili tukahesabu nasi, tukatazamana, mmoja akauliza kama saa ya ukutani imeharibika.

Daktari akainama. "Fundi, leo umemeza nini?"

Fundi alifumbua macho. Ametuambia kwamba alisikia swali vizuri kabisa, na kwamba kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa kifo, kilikuwa ubao wa nyota. Akajibu, "Kimoja. Kama kawaida."

Mtu alikuwa anakufa huku analinda nyota yake. Na shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni, aproni bado kiunoni, amefunga mdomo. Daktari alianza kuandika kwamba kidonge kimoja cha Breki kinaushusha moyo wa mgonjwa huyu kiasi hicho, kwa hiyo dawa haimfai na asipewe tena maishani. Lau maandishi hayo yangekamilika, leo Fundi angekuwa hana kitu cha kuushika moyo wake.

Mkewe ndiye aliyekata neno. "Daktari, usiandike," alisema. "Mume wangu anadanganya. Na mdogo wangu pale mlangoni anajua alichompa."

Daktari aligeuka. Shemeji akasema, "Vitatu. Vyangu. Vya kumi." Maneno manne tu, na anakumbuka mpaka leo jinsi yalivyokuwa mazito kuyatoa. Daktari akaichana ile karatasi, akaita gari la wagonjwa, wakaanza kumtibu mtu aliyezidisha dawa badala ya mtu asiyefaa dawa. Fundi alilazwa hospitali kuu siku nne. Alirudi amekonda, anatembea kwa kushika ukuta.

Alhamisi ya pili yake Sista aliutoa ubao ukutani kabla hatujakaa. Akasimama mbele yetu na kuuliza, "Nani mwingine anapiga pasi?"

Makanika akasema, "Sista, swali hilo ni gumu, tungeomba tujibu kwa maandishi." Hakuna aliyecheka. Kisha mwalimu mstaafu, mwenyekiti wetu, mtu ambaye hajawahi kukosa hata mkutano mmoja, akanyoosha mkono. Baada yake wakafuata wengine. Mikono ilifika thelathini na mmoja. Sista akakaa kwenye benchi katikati yetu. Hakutugombeza, na tungefurahi kama angetugombeza. Alisema tu, "Kumbe mwaka mzima nimekuwa natibu daftari."

Mwezi uliofuata tulipimwa bila pasi. Waliotulia walikuwa kumi na mmoja.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kuanzia hapa tunainua vichwa.

Hapa hakuna tena nyota ya kipimo kizuri. Kila mwanachama ana mkanda wa mifuko saba midogo, mfuko mmoja kwa siku moja, wa kuning'inizwa jikoni au kando ya kitanda. Fundi aliishona yote arobaini na mitatu kwa mabaki ya vitambaa vya sare, akiwa bado anaumwa, na mishono yake ukiikagua hutaona uzi uliopinda. Kidonge kikimezwa, mfuko unabaki mtupu. Kidonge kikirukwa, unafunga uzi mwekundu kwenye mfuko huo. Kila mmoja wetu ana jirani wa kidonge anayepita kuangalia, na kila Alhamisi tunakuja na mikanda yetu, nyuzi zote zikiwa wazi. Kumcheka mwenye uzi mwekundu ni kosa, na adhabu yake ni kufagia kliniki. Kinyozi amefagia mara tano.

Tangu tuanze kusema kweli, watu saba wamebadilishiwa dawa au kipimo cha dawa, kwa sababu hatimaye Sista na Daktari wamejua dawa zinatufanya nini. Fundi amepunguziwa kipimo na anameza jioni badala ya asubuhi, na miguu yake imerudi kwenye pedeli. Yale mambo mengine ya wanaume nayo yalisemwa, katika chumba cha ndani, mmoja mmoja, na tunaarifu kwa furaha kwamba yana tiba. Wake zao wametuma salamu.

Hakuna kidonge kinachokopeshwa tena katika mtaa huu. Mtu akiishiwa anakwenda dirishani na kusema ameishiwa, na kama dirishani hakuna, linaandikwa kwamba hakuna.

Na takwimu, Mheshimiwa. Kutoka kumi na mmoja, kwa miezi sita tumefika ishirini na saba. Tunajua ishirini na saba ni ndogo kuliko thelathini na nane uliyoipigia makofi. Lakini thelathini na nane ilikuwa ya Jumatano. Hii ishirini na saba ni ya siku zote saba za wiki, tumeitolea jasho, na hatujawahi kujivunia kitu kama tunavyojivunia namba hii.

CHANGAMOTO

Vidonge bado vinakuja vya wiki mbili kwa mwezi. Mikanda yetu ina mifuko isiyo na cha kutia, na hiyo tunaifunga uzi mweupe, ili ijulikane kwamba kosa si la mgonjwa. Mwezi uliopita tulihesabu nyuzi nyeupe mia tano na sita.

Mashine ya kupimia presha ni ileile moja ya miaka sita. Mkanda wake wa mkononi umeshonwa na Fundi mara tatu, na makanika ndiye daktari wa mpira wake.

Hospitali kuu ni mbali, magari mawili kwenda na mawili kurudi, na foleni yake inaanza alfajiri. Tulikuwa tunatibiwa huko zamani. Tulikwenda mara moja kwa miezi mitatu, wengine mara moja kwa mwaka, na katikati hapo kila mtu alijitibu kwa matumaini. Huko hakuna anayejua nani ameruka siku mbili.

Changamoto kubwa ni ile barua. Iliandikwa kwa takwimu za mwaka jana, na takwimu hizo tulikupa sisi. Za mwaka huu bado hazijakusanywa. Ofisi yako iliona watu waliotulia, ikaamua waliotulia hawahitaji kliniki. Hatuilaumu sahihi iliyo chini ya barua. Hata Sista hakuandika uongo. Aliandika kile mashine ilichosoma. Kama kuna wa kulaumiwa, tunaomba lawama iishie hapa kwenye benchi, isimfikie yeye.

Tulijadili sana kama tukuambie. Kinyozi alisema, "Mkimwambia mkubwa kwamba tulimdanganya, atafunga kesho yake. Wacheni afunge mwisho wa mwezi, angalau tuwe na wiki mbili." Wengi tuliona ana hoja. Mwenyekiti akapendekeza tuseme kwa ujumla tu, kwamba kulikuwa na kasoro, bila kumtaja mtu, maana mwenye cheti ni mmoja na kila mtu atajua ni nani.

Kisha Fundi akasema, "Barua ile imeandikwa kwa nyota zangu. Mkinisitiri, mtafungiwa kliniki kwa sababu yangu, halafu nitakaa hospitali kuu kwenye foleni nikiwatazama. Andikeni. Andikeni na vidonge vitatu, na ile 'kimoja kama kawaida'. Wajukuu wangu watakuwepo, na wasikie."

Wako hapa, Mheshimiwa, safu ya tatu, na wamesikia. Tunataka wajue kwamba katika kikundi hiki hakuna anayeheshimiwa kuliko babu yao.

MAOMBI

Tunaomba kwanza kliniki ya Alhamisi isifungwe.

Tunaomba pia vidonge vya mwezi viwe vya mwezi. Mgonjwa wa Breki hawezi kuwa mwaminifu kwa wiki mbili na kuomba Mungu kwa mbili nyingine, kwa sababu dawa hii haitaki kuachwa ghafla, hata kama anayeiacha ni dirisha la dawa. Mashine ya pili ikipatikana, makanika ameahidi kutoigusa.

Ombi la mwisho ni dogo na halihitaji bajeti. Katika vitabu vya ofisi yako, mtu ambaye presha yake imetulia asiandikwe kwamba hana haja tena. Presha yetu ikitulia ni kwa sababu kuna mtu ametushika mkono mwezi mzima. Ukimwondoa mtu huyo kwa sababu tumetulia, utakuwa umelisoma daftari ukaacha kututazama, na sisi tunajua mwisho wa safari hiyo, maana tuliitangulia.

KUHITIMISHA

Asubuhi hii kabla hujafika tulipimwa wote. Leo waliotulia ni ishirini na watano. Wawili wamepanda, na wameeleza kwamba wamepandishwa na ujio wako. Hatukuwaambia wapumzike wapimwe tena, ingawa msaidizi wako alikuwa tayari getini.

Fundi alipimwa wa mwisho. Mia hamsini na mbili kwa tisini na nne. Mapigo sitini na sita, na mawili yaliruka. Hiyo si presha ya cheti. Jana ilikuwa Jumatano, dawa zilikuwepo, na alijua unakuja. Alimeza kimoja, kile cha jioni. Sista alipomsomea namba aliuliza kama angependa angoje kidogo warudie, kwa ajili ya wageni. Alivaa koti lake akasema, "Iandike hivyohivyo. Ndiyo yangu."

Mheshimiwa, tunakuombea uhai mrefu, usingizi mzuri, nyumba yenye amani, na wasaidizi watakaokuletea namba mbaya mapema. Mungu aibariki mikono ya Sista, na awalinde wote wanaomeza kidonge kila siku kwa ugonjwa usioonekana.

Ni sisi wanachama arobaini na watatu wa Kikundi cha Mapigo Matulivu, ambao hatujapona.